Kumaliza utafiti wa mwaka wa tatu ukiwa Mtwara au Lindi

Ikifika Mei, steshenari za jirani na vyuo hapa Mtwara hujaa wanafunzi wa mwaka wa tatu, flashi mkononi, wakisubiri zamu ya kuprinti. Baadhi wamebakiza kurekebisha namba za kurasa. Baadhi ndiyo kwanza wanajaza wenyewe, kwa kalamu za rangi mbalimbali, madodoso ambayo hayajawahi kufika kijijini. Hao wa pili huitwa wazembe, lakini wengi wao nawaona walijitwisha swali kubwa kuliko nauli yao, wakalipanga kwa kalenda ya chuo peke yake, wakasahau kwamba kijiji nacho kina kalenda yake.

Kwenye vyuo vingi vya Marekani kazi ya aina hii hufanywa na wachache wanaotaka kuhitimu kwa heshima za juu. Kwetu, kwenye programu nyingi, ni somo la lazima, GPA yako iwe 4.5 au 2.5. Hatua zinazofuata zimepangwa kwa mwanafunzi wa kawaida mwenye bumu (fedha za mkopo wa chuo) la kawaida. Nitatumia sana mfano wa korosho, maana huku ndiyo mada inayokimbiliwa, ila utaratibu haubadiliki ukiwa unaandika juu ya uvuvi, elimu au historia.

1. Punguza swali, kisha lipunguze tena

Fanya hivi likizo ya mwaka wa pili, kabla hujapangiwa msimamizi.

Kichwa ambacho wengi huja nacho kinafanana na hiki: "Mchango wa zao la korosho katika maendeleo ya wananchi wa Mkoa wa Mtwara." Kisome polepole. Mkoa una Manispaa ya Mtwara, Mtwara Vijijini, Nanyamba, Tandahimba, Newala, Masasi na Nanyumbu. Utafika kote huko kwa basi gani? "Maendeleo" ni bati, ada, matibabu au pikipiki? Na "mchango" utaupima kwa kipimo kipi? Swali hilo ni la watu wenye gari la mradi na miaka mitatu mkononi.

Liulize: wapi hasa, nani hasa, msimu upi, na jambo gani linaloweza kuhesabiwa au kusimuliwa na mtu mmoja mmoja. Ukishajibu, linaweza kugeuka hivi: "Sababu zinazowafanya wanachama wa chama kimoja cha msingi wilayani Tandahimba kuuza korosho kwa kangomba kabla ya mnada." Hapo kuna chama kimoja cha ushirika wa wakulima chenye rejesta ya wanachama. Kuna tendo moja ambalo kila mtu kijijini analijua: kupokea fedha mapema kwa bei ya kutupa na kulipa kwa korosho zikishadondoka. Na kuna fumbo la kweli, kwa sababu mfumo wa stakabadhi ghalani, ambao mkulima hupeleka korosho zake ghalani kupitia chama ziuzwe mnadani, umekuwapo kwenye korosho tangu msimu wa 2007/2008, mkulima anajua mnadani atapata zaidi, na bado anauza kwa kangomba. Fumbo kama hilo ndilo linalobeba ripoti nzima.

Mfano mwingine, wa wanafunzi wa ualimu, naupenda zaidi kwa sababu ni rahisi kuumaliza. Badala ya "Athari za mila na desturi kwa elimu Lindi", chukua shule mbili za kata na uangalie mahudhurio ya kidato cha pili katika miezi ya kuokota korosho ukilinganisha na miezi ya kawaida. Daftari la mahudhurio lipo, limeshajazwa, halina haya wala halikusahau. Walimu na wanafunzi utawahoji wachache tu ili wakueleze kile daftari lisichoweza kusema.

Wanaosoma historia wanavutwa na Kilwa Kisiwani, ambayo pamoja na Songo Mnara imo kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia tangu 1981, au na mifupa ya Tendaguru iliyochimbwa na Wajerumani kati ya 1909 na 1913. Mada nzuri, lakini nyaraka zake nyingi na mifupa yenyewe viko mbali. Kama unataka historia unayoweza kuifikia kwa bodaboda, nenda Nachingwea ukaulize juu ya mpango wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947 na kufutwa 1951. Nenda mapema. Aliyekuwa na miaka kumi wakati ule sasa anakaribia tisini. Mada ya gesi ya Mnazi Bay mimi huwashauri watu waiache, isipokuwa wenye jambo mahsusi la kuuliza. Tangu vurugu za 2013 watu wa huko wamehojiwa hadi wamechoka, na majibu wanayotoa yamekaa kimazoea.

Kabla ya kukipenda kichwa chako, kipitishe kwenye maswali haya. Ninayo nauli ya kufika huko angalau mara tatu? Yupo mtu mmoja wa kunipokea? Nikiwakosa watu, ipo karatasi yoyote ninayoweza kuisoma: rejesta, daftari, taarifa ya mnada? Mada ikishindwa mawili kati ya hayo, iache.

Kuhusu wa kukupokea: kufikia kwa shangazi kunaokoa fedha za gesti, na ni jambo la busara. Usiwahoji tu ndugu zake. Watakujibu kwa namna ya kukusaidia ufaulu, na hilo ndilo usilolihitaji.

2. Weka kalenda ya kijiji juu ya kalenda ya chuo

Chukua karatasi, chora miezi kumi na miwili. Mstari wa juu andika ya chuo: muhula wa kwanza, mitihani, muhula wa pili, tarehe ya mwisho ya kukusanya ripoti. Mstari wa chini andika ya watu utakaowahoji.

Kwa mkulima wa korosho, Juni hadi Agosti ni kupulizia salfa dhidi ya ugonjwa wa ubwiriunga, asubuhi na mapema kabla umande haujakauka. Kuokota kunashika kasi Oktoba hadi Desemba, na minada huanza Oktoba. Ufuta huuzwa katikati ya mwaka. Mvua zetu ni za msimu mmoja, huanza Novemba au Desemba mpaka Aprili, na barabara za bonde la Ruvuma wakati huo zinajulikana. Juu ya uwanda wa Makonde, Newala na Tandahimba, shida ya maji ni ya miaka mingi, kwa hiyo asubuhi akina mama wengi utaambiwa wamekwenda kuteka. Wahoji alasiri.

Pwani, hesabu ni ya bahari. Wanawake wanaovua pweza na wanaolima mwani hufanya kazi bamvua, maji yanapokupwa sana. Ukienda siku hizo utakuta watoto na paka. Nenda siku za maji mafu, bahari isipokupwa sana. Uliza mvuvi yeyote wa Mikindani au Kilwa Kivinje, atakuhesabia tarehe kwa vidole. Kumbuka pia mwezi wa Ramadhani, ambao kila mwaka unarudi nyuma siku kumi au kumi na moja. Mchana wa mfungo mahojiano yafupishe, na chupa yako ya maji iache kwenye begi.

Ukiweka mistari hiyo miwili pamoja, utaona nafasi mbili zinazofaa kwa utafiti wa korosho. Ya kwanza ni Septemba, kabla chuo hakijafunguliwa, kwa ajili ya kutembelea na kujaribu maswali. Ya pili ni Februari hadi mapema Machi, baada ya mitihani ya muhula wa kwanza, wakati mkulima ameshauza, ameshalipwa, na bei bado iko kichwani.

3. Msimamizi

Hutamchagua, mara nyingi utapangiwa. Unachoweza kuchagua ni namna ya kumfikia. Mhadhiri mmoja anaweza kuwa na wanafunzi wengi sana, hivyo ujumbe wa "Mambo dokta, umesoma kazi yangu?" utapotea. Andika hivi: "Shikamoo Mwalimu. Naitwa fulani, mwaka wa tatu Ualimu, utafiti wa utoro msimu wa korosho. Nimerekebisha sampuli katika sura ya tatu kama ulivyoagiza. Naomba kukuletea nakala Jumatano saa nne asubuhi." Amekukumbuka, amejua kilichobadilika, na amepewa saa ya kukubali au kukataa.

Kila unapotoka ofisini kwake, mwandikie siku hiyo hiyo mistari mitatu ya mliyokubaliana. Ikitokea miezi miwili baadaye anauliza nani alikwambia upunguze kijiji cha pili, unayo kumbukumbu, na unamwonyesha kwa adabu.

4. Pendekezo

Hapa sitakaa sana, kila chuo kina muundo wake na utapewa. Mambo mawili tu. Usianze usuli na "Tanzania ni nchi iliyoko Afrika Mashariki". Msimamizi wako anajua yuko wapi. Anza na fumbo lako. Halafu malengo mahususi yasizidi matatu, kwa sababu kila lengo litadai maswali yake kwenye dodoso, jedwali lake kwenye sura ya nne, ile ya matokeo, na aya zake za majadiliano.

Kwa kusoma waliokutangulia, intaneti itakupa mengi, lakini usikae Mtwara ukasahau vilivyo jirani. Kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI kiko Naliendele, nje kidogo ya mji, na korosho ndiyo kazi yake kubwa. Bodi ya Korosho makao yake ni hapa hapa. Ofisi ya ushirika ya wilaya ina takwimu za vyama. Idadi ya watu ichukue kwenye Sensa ya 2022, usiinakili kutoka ripoti ya mwenzako aliyeinakili kwa mwenzake.

Kila unachosoma, andika marejeo yake saa ile ile kwa mtindo wa chuo chako. Na kama unatumia programu za akili unde kukusaidia kutafuta, fungua kila makala iliyokutajia kwa macho yako. Zina tabia ya kutunga makala ambazo hazijawahi kuandikwa, zikaziwekea na mwandishi na mwaka.

5. Barua na mihuri

Barua ya chuo inakwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa. Kwake inatoka barua ya kwenda wilayani au kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, kisha kwa mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji, mpaka mwenyekiti wa kitongoji. Ukisoma Mtwara lakini kijiji chako kiko Mtama au Ruangwa, umeingia Mkoa wa Lindi: unahitaji barua ya huko, ile ya Mtwara haivuki. Kwa shule, pita kwa Afisa Elimu. Kwa chama cha msingi, mwone Afisa Ushirika wa wilaya. Utafiti unaogusa wagonjwa au taarifa za hospitali unahitaji kibali cha maadili, na hicho kinachukua muda, kwa hiyo kiombe mwanzoni kabisa.

Toa kopi kumi za kila barua. Ile halisi onyesha, toa kopi, rudisha halisi kwenye bahasha. Usiruhusu ofisi yoyote ibaki nayo. Na usipange kumaliza mlolongo huu ndani ya wiki moja ya bajeti au ya ziara ya kiongozi, kwani anayetia saini atakuwa kwenye msafara.

6. Dodoso ambalo mtu anaweza kulijibu

Huku ndiko ripoti nyingi zinakofia, kwa hiyo tukae kidogo.

Wengi huandika dodoso kwa Kiingereza ili msimamizi alipitishe, kisha wanatafsiri papo hapo mbele ya mkulima, kila siku kivyake. Mkulima wa kwanza anaulizwa jambo moja, wa ishirini jambo jingine. Toleo la Kiswahili liandike kamili, lisome kwa sauti, mpe mtu asiye wa chuo akueleze ameelewa nini. Kwa wazee wanaojieleza vizuri zaidi kwa Kimakonde, Kimwera au Kimakua, tafuta mkalimani mmoja, umfundishe maswali kabla, umtumie huyo huyo hadi mwisho.

Uliza kwa vipimo wanavyotumia watu. Ukiuliza "Una ekari ngapi za korosho?" utajibiwa namba ya kukadiria. Wakulima wengi wanahesabu mikorosho. Uliza mikorosho mingapi, na mingapi kati yake inazaa. Ekari utajitafutia mwenyewe: nafasi inayopendekezwa ya mita 12 kwa 12 inaingiza takriban miti 28 kwa ekari, ingawa mashamba ya zamani yamebanana zaidi, kwa hiyo pita na uangalie.

Swali la kilo na fedha lina historia yake. Novemba 2018 serikali ya Rais Magufuli iliamua kununua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na kabla ya malipo kukawa na uhakiki wa wakulima, wa mashamba na wa waliodhaniwa kuwa wanunuzi wa kangomba. Tangu hapo kijana mgeni mwenye karatasi na kalamu anayeuliza "una mikorosho mingapi" hapokelewi kama mwanafunzi tu. Ndiyo maana mazungumzo huenda hivi:

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mmetumwa na nani?"

"Natoka chuoni, mzee, ni kazi ya masomo. Msimu uliopita uliuza kilo ngapi?"

"Kidogo tu. Za kununulia chumvi."

Andika "kidogo" kwenye dodoso na umepoteza safari. Mwenye subira anaeleza kwanza kazi yake, anaonyesha barua yenye muhuri wa kijiji, anaongea juu ya salfa na bei yake, kisha anauliza: "Mzee, stakabadhi za chama bado unazo?" Mjukuu anaitwa, mfuko wa nailoni unashushwa kutoka kwenye msumari ukutani, karatasi zinatandazwa mkekani. Kila moja ina tarehe, kilo na daraja. Unanakili, unamrudishia zikiwa zimepangwa kama ulivyozikuta. Mara nyingi hapo mzee mwenyewe anaanza kukueleza makato na mjengeko wa bei, na huko ndiko kwenye utafiti.

Kangomba usimuulize mtu kama yeye anauza, ni kumtaka akiri kosa. Muulize: "Katika kaya kumi za jirani zako, ngapi huchukua fedha kabla ya msimu? Huwa ni fedha za nini?" Ukurasa wenye swali hilo usiwe na jina wala namba ya simu. Weka alama, kwa mfano TD-014, na orodha ya nani ni nani ikae mahali pengine. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na hata isingekuwapo, usingependa karatasi yako imletee mzee wa watu shida.

Kisha jaribu dodoso kwa watu watano au sita wa kijiji kingine. Hesabu dakika. Likizidi nusu saa, kata.

7. Watu wangapi?

Fomula ya Yamane ndiyo inayotumika zaidi, na wengi wanaiweka bila kuielewa. Unagawa idadi ya watu wote kwa moja jumlisha idadi hiyo mara mraba wa kosa unalolikubali. Chama chenye wanachama 400, ukikubali kosa la asilimia 10: 400 gawanya kwa 5, unapata 80. Ukitaka asilimia 5, ni 400 gawanya kwa 2, watu 200. Kwa mwanafunzi mmoja mwenye bodaboda ya kukodi, 80 inatosha, ilimradi useme wazi ni asilimia 10 na kwa nini.

Kuwapata hao 80, omba rejesta ya chama. 400 gawanya kwa 80 ni 5, basi chagua namba yoyote kati ya 1 na 5, anzia hapo, kisha chukua kila jina la tano. Hii inakusaidia sana siku ya kutetea, maana wengi husema "nilichagua kwa bahati nasibu" wakimaanisha waliokuwa kijiweni siku ile. Aliyesafiri, rudi mara moja. Akikosekana tena, chukua jina linalofuata na uandike kwamba umefanya hivyo.

8. Kijijini

Ripoti kwa mtendaji siku ya kwanza, hata kama mwenyeji wako anasema si lazima. Mwenyekiti wa kitongoji akikupa kijana wa kukuzungusha, mlipe posho ndogo, ila akuache mlangoni. Mbele ya mtoto wa jirani hakuna anayesema ukweli wa fedha. Binti anayefanya utafiti atembee na mwenzake, na jioni awe amerudi alikofikia.

Usimlipe mhojiwa ili ajibu. Sabuni ya mche au sukari kidogo baada ya mazungumzo ni adabu ya kawaida. Noti kabla ya mazungumzo inanunua majibu. Na usiahidi pembejeo, mkopo wala mradi.

Madodoso 80 ya kurasa nne ni kurasa 320 za kuchapisha. Kama simu yako inahimili, programu ya KoboToolbox ni ya bure na inakusanya majibu bila mtandao, ukifika penye mtandao unayatuma. Beba pawabenki, na kopi chache za karatasi simu ikizima.

Kila usiku, kabla ya kulala, pitia madodoso ya siku hiyo. Penye pengo, kesho bado uko kijijini na unaweza kuuliza. Ukiligundua pengo hilo ukiwa umesharudi mjini Mtwara, Shangani, ni nauli nyingine.

9. Kuingiza na kuchambua

Excel au SPSS, vyote vinafaa. Namba ya dodoso iwe safu ya kwanza ili uweze kurudi kwenye karatasi yake. Ukimaliza kuingiza, panga kila safu kutoka ndogo hadi kubwa: mkulima mwenye umri wa miaka 540 atajitokeza mwenyewe.

Kwa shahada ya kwanza, idadi, asilimia na majedwali ya kulinganisha makundi mawili hutosha maswali mengi. Wapo wanaolipia mtu awafanyie uchambuzi mgumu wa takwimu, wanaubandika, kisha siku ya kutetea wanaulizwa namba moja inamaanisha nini na wanabaki kutabasamu. Usiandike jambo usiloweza kulieleza. Na asilimia za watu 80 usizipambe kwa desimali mbili. Mtu mmoja tu ni asilimia 1.25.

Mahojiano marefu uliyorekodi yanakili yote, neno kwa neno. Saa moja ya sauti inaweza kula saa tano za kuandika, liweke hilo kwenye kalenda.

10. Anza kuandika sura ya nne

Sura tatu za kwanza tayari unazo kwenye pendekezo, zinahitaji kubadilishwa wakati uliopo na ujao kuwa uliopita, na kurekebishwa pale mambo yalipokwenda tofauti na mpango. Kwa hiyo keti na matokeo yakiwa bado ya moto.

Panga sura ya nne kwa malengo yako. Chini ya kila lengo: jedwali moja, maelezo yake, kisha majadiliano. Kosa lililozoeleka ni kuishia kwenye maelezo. Tuseme kati ya wahojiwa wako 80, 35 wamesema watu huchukua fedha za kangomba kwa mahitaji ya shule, 28 chakula, 17 salfa. Kuandika kwamba 35 ni asilimia 44 ni kurudia jedwali. Majadiliano yanaanza unapouliza mahitaji hayo yanatokea lini. Muhula wa shule unaoanza Julai unamkuta mkulima mikorosho ikiwa kwenye maua, ufuta kwa aliyelima tu, na bei ya salfa ikimsubiri. Sasa una hoja: anayeuza mapema anaijua bei ya mnada, ila fedha ya mnada inafika miezi mitatu au minne baada ya shida. Hapo ndipo unawaleta wale uliowasoma katika sura ya pili, wanaokubaliana nawe na wasiokubaliana.

Maneno mazito ya mhojiwa yaweke kama alivyoyasema, kwa Kiswahili chake, na tafsiri chini yake kama ripoti yako ni ya Kiingereza. Sura ya tano iwe fupi. Mapendekezo yatoke kwenye matokeo. "Serikali itoe elimu kwa wakulima" halijatoka kwenye matokeo ya mtu yeyote. Ikisiri iandike mwisho kabisa.

Kuhusu wale wanaobandika namba za simu ukutani kwamba wanaandika ripoti kwa malipo: huuza kazi moja kwa watu kadhaa, wakibadilisha jina la wilaya. Nimeona ripoti ya Newala inayozungumzia kahawa. Programu za kukagua wizi wa maandishi hunasa mengi, na zisichokinasa hunaswa na swali moja la mtahini kuhusu barabara ya kufika kijijini.

11. Kutetea na kukusanya

Ukipewa dakika kumi, mbili zitumie kwa fumbo na mbinu, zilizobaki kwa matokeo. Jiandae kwa maswali yanayorudi kila mwaka: kwa nini kijiji hiki, kwa nini 80, utajuaje walisema kweli, kuna kipya gani. Beba madodoso yenyewe kwenye boksi. Yakiwa mezani, na vumbi lake, maswali mengine hayaulizwi.

Marekebisho ya watahini yaandike kwenye jedwali la safu tatu: walichosema, ulichofanya, ukurasa. Peleka kwa msimamizi jedwali hilo pamoja na kazi, atasaini haraka zaidi.

Kabla ya kwenda kuprinti, geuza faili kuwa PDF. Word ya steshenari ina fonti zake na itakuvuruga majedwali yote. Ukingo wa kushoto uache mpana wa kutosha kujalidi. Kazi yako iwe kwenye flashi, kwenye baruapepe na kwa rafiki mmoja, na usingoje siku ya mwisho, kwa kuwa siku hiyo umeme hukatika.

Baada ya kukusanya, andika ukurasa mmoja wa Kiswahili kwa ajili ya chama ulichokitafiti, bila majina, wenye jedwali moja la sababu na miezi ambayo watu huchukua fedha za mapema. Mpelekee katibu kabla ya mkutano mkuu wa wanachama, na kopi kwa mtendaji wa kijiji. Kama huna nauli, mpigie picha umtumie kwa WhatsApp, kisha piga simu kuhakikisha imefunguka.